Nyuzi za Goti

Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaingia wodini na fremu ya kutembelea mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." "Leo tunasimama." Mama hajibu. Anamgeukia binti yake aliyeketi pembeni na chupa ya uji, na binti anamtetea kwa sauti ya chini: "Kaka yangu, mama hajafumba jicho usiku kucha. Mwacheni apumzike walau leo."

Mama huyu si mtu mmoja. Ni wagonjwa wengi, na maneno hayo husikika katika wodi yoyote ya mifupa, iwe MOI pale Muhimbili, KCMC chini ya Mlima Kilimanjaro au Kikuyu nje kidogo ya Nairobi. Wala binti hana kosa, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Kwetu mgonjwa hupewa pole, huwekewa mto, huletewa maji pale pale alipo, na akijaribu kunyanyuka huambiwa, "Kaa, kaa, nitakuletea." Ni malezi mema kwa aliye na homa. Kwa goti lililobadilishwa, malezi hayo hayo ndiyo yanayoweza kuliharibu. Ndiyo maana yule kijana, kwa adabu zake zote, hatoki. Anashusha reli ya kitanda.

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu wiki sita zinazoanza na reli hiyo kushushwa. Daktari bingwa humaliza kazi yake kwa saa moja au mbili. Zinazofuata ni siku na usiku wa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake, na humo ndimo inapoamuliwa kama goti jipya litatembea au litakakamaa.

Kwanza, kinachofanyika mle chumbani. Neno "kubadilisha goti" huwafanya watu wadhani kiungo kizima huondolewa na kingine kikapachikwa, kama fundi anavyobadilisha gurudumu. Sivyo. Daktari hupasua mbele ya goti, akaisogeza pia ya goti pembeni, kisha akakata ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa ugoko, kila upande kiasi cha sentimita moja hivi. Ni pale ambapo gegedu, ule utando laini mweupe unaoifanya mifupa iteleze, limekwisha na mifupa imekuwa ikisagana. Ncha ya juu huvishwa kofia ya chuma cha kobalti na kromiamu, ya chini huwekewa sahani ya chuma, na katikati hukaa kipande cha plastiki ngumu kinachofanya kazi ya gegedu. Mara nyingi vyuma hivyo hushikizwa kwa saruji ya akriliki, ndugu wa ile inayotumiwa na madaktari wa meno. Ukivipima vyote pamoja, uzito wake ni kama nusu kilo.

Mishipa, kano nyingi, misuli na ngozi hubaki vya mwenyewe, na hivyo ndivyo vinavyouma. Chuma hakina hisia. Kinachopiga kelele usiku ni mfupa uliokatwa msumeno, msuli uliosogezwa, paja lililobanwa kwa mkanda wa kuzuia damu, na maji na damu iliyovilia ndani ya kiungo. Msuli mkubwa wa mbele ya paja, ule unaonyoosha mguu, nao hugoma: katika mwezi wa kwanza huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Mgonjwa anauamrisha mguu unyanyuke kitandani, na mguu unalala tu kama wa mtu mwingine. Wengi hulia hapo, si kwa maumivu bali kwa hofu kwamba wamepooza.

Binadamu amehangaika na kiungo hiki muda mrefu. Mwaka 1890 mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa wa kifua kikuu cha goti bawaba iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Fikra ilikuwa sahihi, wakati ndio haukuwa wake: kiungo kilikuwa tayari na ugonjwa, na majaribio yake yakakwamishwa na maambukizi. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1968, pale Mkanada Frank Gunston, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza alikokuwa John Charnley, bingwa wa nyonga bandia, alipobuni goti la chuma na plastiki lililojaribu kufuata mwendo wa goti la kuzaliwa. Miaka michache baadaye, mjini New York, John Insall, Chitranjan Ranawat na Peter Walker walitoa umbo ambalo magoti mengi ya leo ni wajukuu zake.

Ranawat huyo ndiye aliyeshika kisu Oktoba 2000 katika hospitali ya Breach Candy mjini Mumbai, mgonjwa akiwa Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, mzee wa miaka 75. Lilianza goti la kushoto. La kulia lilifuata tarehe 7 Juni 2001. Katikati ya Julai mwaka huo, wiki tano na siku chache tu baada ya upasuaji wa pili, Vajpayee alikuwa mjini Agra akizungumza na Rais Pervez Musharraf wa Pakistan katika mkutano uliotazamwa na dunia nzima. Mkutano ulivunjika bila tamko la pamoja, lakini magoti yalikuwa yamemfikisha mezani.

Hesabu hiyo ya wiki tano inafundisha, na inaweza pia kupotosha. Inafundisha kwamba mtu mzima wa miaka sabini na ushei anaweza kuwa amesimama, anatembea na kufanya kazi ya kuketi katika muda huo. Inapotosha iwapo msikilizaji atadhani goti limekwisha pona. Uvimbe hukaa miezi mitatu hadi sita. Joto la ngozi juu ya goti huendelea kwa miezi. Nguvu za msuli hurudi polepole mpaka mwaka, na wengine husema mwaka wa pili ndipo walipoanza kulisahau.

Turudi kwa mama wodini. Siku ya upasuaji yenyewe huwa na mtego wake. Ganzi ya mgongoni, na mara nyingi sindano nyingine ya ganzi pajani, huilaza mishipa ya fahamu inayokwenda gotini kwa saa kadhaa. Mgonjwa hushangaa kuona haiumi, akapiga simu kwa ndugu akicheka. Usiku ganzi inaachia. Kicheko kinakwisha.

Hapo ndipo wauguzi hukutana na kosa la kwanza, nalo ni kosa la ujasiri. Mzee aliyelelewa kuamini kwamba mtu mzima halii hujikaza mpaka maumivu yamefika kileleni, ndipo anaomba kidonge. Maumivu yaliyokwisha panda hayashuki kwa kidonge kimoja. Kwa hiyo siku hizi dawa za goti hufuata saa ya ukutani, hazingoji kilio: parasetamo kila baada ya saa sita, pauma pasiume, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe kama diklofenaki au ibuprofeni kwa wale ambao figo na tumbo vinaruhusu, na dawa kali zaidi kama tramado au mofini kwa siku za mwanzo tu. Kila moja inaziba njia yake ya maumivu. Zikiungana, kila moja hutumika kwa kipimo kidogo kuliko kile ambacho kingehitajika ikiwa peke yake.

Wengine huogopa mofini kwa jina lake tu, wakiihusisha na mateja au na mgonjwa aliyekata tamaa. Ikitolewa na daktari kwa siku chache, kwa kipimo na kwa sababu inayoonekana, si njia ya kwenda huko. Hatari iko kwa anayeendelea kuitumia, au kutumia tramado, miezi baada ya sababu kuisha, akijinunulia mwenyewe. Usumbufu wa karibu zaidi ni mwingine: dawa hizi hufunga choo na huleta kizunguzungu. Maji ya kutosha, mboga na papai havikosi kazi katika wiki hizo, na safari ya msalani usiku haifanywi peke yake gizani.

Nyumbani nako kuna mtego wa jirani mwema. Vidonge vingi vya mchanganyiko vinavyouzwa katika maduka ya dawa mitaani vina parasetamo ndani yake, pamoja na diklofenaki au ibuprofeni. Mgonjwa amemeza za hospitali saa kumi na mbili. Saa moja jirani anagonga hodi na kipakiti: "Jaribu hizi, mimi zinanisaidia mgongo." Bila kujua, mtu amemeza dawa ile ile mara mbili. Kikomo cha parasetamo kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anayevuka hapo analitesa ini. Diklofenaki ikikutana na ibuprofeni, figo na tumbo ndivyo vinavyolipa. Dawa ya kuzuia hilo ni daftari la shule. Binti aliyekuwa akimtetea mama asisimamishwe anaweza kuandika humo saa ya kila kidonge, na jirani akija na kipakiti, kwanza kinasomwa nyuma kimeandikwa nini.

Kisha anafika shangazi na ndoo ya maji ya moto.

Kwa Waswahili kukanda ni tiba yenye heshima yake. Mzazi hukandwa, aliyeteguka huchuliwa kwa mafuta, na shangazi amefanya kazi hiyo miaka arobaini. Lakini goti bichi silo mahali pake. Joto hupanua mishipa ya damu na kuongeza uvimbe, kitambaa chenye maji hupeleka vijidudu kwenye mshono, na kuchua kigimbi chenye bonge la damu kunaweza kulisukuma bonge hilo lisafiri kwenda mapafuni. Goti bichi linataka baridi: barafu iliyofungwa ndani ya taulo, isiguse ngozi moja kwa moja, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, mguu ukiwa umeinuliwa juu ya mito. Pasipo na friji, mifuko ya maji yaliyogandishwa inayouzwa kwa jirani hutosha. Na shangazi asirudishwe na aibu. Apewe kazi ya kubadilisha mifuko ya barafu na kutazama saa, maana mikono yake bado ni ya tiba.

Sasa nyuzi. Katika wodi ya goti neno hili lina kazi mbili. Kuna nyuzi za mshono, ambazo kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Na kuna nyuzi za kipimo, zile ambazo mtaalamu wa mazoezi huzisoma kwenye rula yake ya plastiki yenye mikono miwili, mmoja ukilazwa sambamba na paja na mwingine ukifuata ugoko. Za kwanza mgonjwa huziogopa. Za pili anatakiwa kuzionea uchu.

Kutembea mahali tambarare kunahitaji goti likunjike nyuzi 70 hivi. Ngazi zinataka karibu 90. Kuinuka kwenye kiti cha kawaida bila kujisukuma kwa mikono kunataka zaidi kidogo ya hapo. Kwa hiyo 90 ndiyo alama ambayo wataalamu wengi huifukuzia katika wiki za mwanzo, na 110 hadi 120 ndiko magoti mengi mapya huishia. Upande wa pili wa rula kuna namba ndogo inayosahaulika, nayo ni sifuri: mguu kunyooka kabisa. Goti lisilofika sifuri humfanya mtu achechemee hata kama linakunjika vizuri namna gani.

Adui wa sifuri ni mto. Mgonjwa amelala chali, goti linavuta, binti anachukua mto laini na kuusukuma chini ya goti. Afueni inakuja papo hapo, kwa sababu goti lililovimba hupenda kukaa limekunjwa kidogo. Likikaa hivyo usiku kwa usiku, nyuzinyuzi za kovu hujifunga likiwa limekunjwa. Mto huo huo ukihamishiwa chini ya kisigino, goti likabaki hewani na kushuka lenyewe kwa uzito wake, unakuwa zoezi. Tofauti ni ya urefu wa ugoko tu.

Zoezi la kukunja nalo halihitaji mashine. Mgonjwa huketi kitandani miguu imenyooshwa, kanga inapitishwa chini ya unyayo, miisho yake miwili ikishikwa mikononi kama hatamu. Anaivuta taratibu, kisigino kinateleza kuja kwake, goti linapanda. Panafika mahali panapokaza. Hapo anashikilia, anahesabu moja mpaka tano, anaachia. Kisha tena, labda kwa sentimita moja zaidi. Kidonge humezwa nusu saa hivi kabla ya zoezi ili kiwe kimeanza kazi, na barafu hufuata baadaye.

Swali ambalo kila mgonjwa huuliza ni hili: nitajuaje kama maumivu haya yananiponya au yananiumiza? Wataalamu wana jibu la vitendo. Maumivu ya kunyooshwa yanayoanza na zoezi na kushuka ndani ya nusu saa au saa moja baada yake ni maumivu ya kazi. Goti likiamka kesho limevimba kuliko jana na linauma hata likiwa limetulia, zoezi lilizidi; linapunguzwa, haliachwi. Na goti ambalo kwa woga halikunjwi kabisa huweza kumrudisha mwenyewe chumba cha upasuaji ndani ya miezi mitatu. Huko hulazwa kwa dawa ya usingizi, na daktari hulikunja kwa mikono yake mpaka makovu ya ndani yakatike. Mazoezi huanza upya kutoka hapo.

Ngazi zina kanuni yake, na kwa wakazi wa ghorofa za Kariakoo au nyumba za Mji Mkongwe si jambo la ziada. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia mguu uliopasuliwa. Mguu mzima ndio unaobeba mwili kwenda juu, na ndio unaouzuia usianguke wakati wa kushuka. Mkongojo nao huwashangaza wengi: hushikwa mkono wa upande wa pili, si upande wa goti jipya, kwa sababu mtu akitembea mkono wa kulia huenda na mguu wa kushoto. Atakayeutumia upande wa goti lenyewe ataonekana akiyumba barabarani kama jahazi lenye shehena upande mmoja.

Mchana, basi, una kazi. Usiku ndio mgumu.

Kati ya wiki ya pili na ya nne wageni wamepungua, simu za pole zimekatika, na dawa kali zimesimamishwa. Goti linapwita saa nane za usiku, ubavu umechoka kulaliwa, na wazo linaingia: "Kwa nini nilikubali? Lile la zamani nilikuwa nalijua." Majuto haya ni ya kawaida kiasi kwamba wauguzi wazoefu huyatangaza mapema, kabla mgonjwa hajaruhusiwa, ili yakija yasimkute amejiona peke yake. Mto katikati ya magoti kwa anayelala ubavu, dozi ya dawa iliyopangwa kuangukia wakati wa kulala, na barafu ya mwisho saa nne usiku huyapunguza makali. Usingizi hurudi, ingawa kwa wengine huchukua wiki nyingi.

Moyo una sehemu yake katika maumivu, na hili limepimwa. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Michael Sullivan wa Kanada na wenzake walichapisha dodoso la maswali 13 linalopima jinsi mtu anavyoyawazia maumivu: kama anayaona hayana mwisho, kama hawezi kuyatoa akilini, kama anajiona hana la kufanya. Wagonjwa wa goti wanaopata alama za juu kabla ya upasuaji huelekea kuripoti maumivu zaidi baada yake. Haimaanishi wanajifanya. Mishipa yao inapokea taarifa ile ile, lakini kengele inalia kwa nguvu zaidi. Kwa kipimo hicho, mgeni anayeketi pembeni ya kitanda na kusimulia habari za fulani aliyebadilishwa goti kisha mguu ukakatwa anaongeza kelele ya kengele. Aliyetembea mwenyewe kwa goti bandia miaka mitatu sasa, akaja kuketi dakika kumi na kulikunja mbele ya mgonjwa, anaipunguza.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mazoezi vinavyochapishwa Ulaya na Marekani hulipitia haraka, nalo kwetu ni maisha yenyewe: sakafu. Wazungu huketi juu ya viti, sisi tunakula mkekani, tunachambua mchele jamvini, tunakuna nazi tukiwa tumekaa juu ya mbuzi, kibao ambacho hakifiki hata futi moja kutoka chini. Choo cha wengi ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa kikamilifu kunataka nyuzi ambazo goti bandia kwa kawaida halizifikii, na anayelilazimisha anaweza kujiangusha. Kabla mgonjwa hajatoka hospitali, nyumba inatakiwa iwe imeandaliwa: kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo, ambacho seremala wa mtaani hukitengeneza, kitanda kisicho chini mno, kiti kigumu chenye mikono, na mikeka inayoteleza ikunjwe kwa muda.

Sala nayo huulizwa, mara nyingi kwa sauti ya chini. Kwa Waislamu fiqhi ilikwisha kulitatua hili zamani: asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Kiti kinachoonekana siku hizi safu ya mwisho ya misikiti mingi si uvivu wa wazee. Kwa Mkristo aliyezoea kupiga magoti, kidonda kikishapona kabisa na daktari akiruhusu, kupiga magoti hakuvunji chuma, ila wengi hukuta hakupendezi kwa sababu ngozi ya upande wa nje wa kovu hubaki na ganzi, kwa baadhi yao daima. Ganzi hiyo huwatisha watu. Hutokana na matawi madogo ya mshipa wa fahamu yanayopita pale kisu kinapopita. Vivyo hivyo mlio wa "tak" wakati wa kutembea ni chuma kinachogusa plastiki, na kengele ya uwanja wa ndege ikilia, mwenye goti hana haja ya kutetemeka.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kliniki. Kigimbi kikivimba, kikawa kigumu na kuuma hata mguu ukiwa umetulia, huenda damu imeganda ndani. Kifua kikibana na pumzi zikawa fupi ghafla, bonge huenda limefika mapafuni, na hapo ni hospitali usiku ule ule. Ndiyo maana hutolewa sindano za tumboni au vidonge vya kuzuia damu kuganda, na ndiyo maana mgonjwa huambiwa apinde na kunyoosha kifundo cha mguu kila mara, hata akitazama televisheni. Anayetibiwa India na kurejea nyumbani kwa ndege ya saa nyingi hupaswa kuliuliza hili kabla ya kukata tiketi. Mshono ukitoa maji au usaha, goti likizidi kuwa jekundu siku baada ya siku, homa ikapanda, huenda ni maambukizi. Humpata mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100, na asiyewahi anaweza kulazimika kufunguliwa tena. Dawa za vijidudu hazinunuliwi kwa kukisia, wala goti bandia halichomwi sindano na mtu yeyote wa mtaani.

Na wengine hawaridhiki. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuwa zikikuta kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hubaki na maumivu au hafurahii matokeo, kiwango kilicho juu kuliko cha nyonga. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kusaini. Ana haki pia ya kuambiwa upande wa pili: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, uliotumia rejesta za kitaifa za viungo bandia, ulikadiria kwamba magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa kikamilifu hudumu miaka 25. Sweden ilianza kuandika kila goti bandia mwaka 1975. Malawi, jirani yetu asiye na mali nyingi, ilianzisha rejesta yake ya viungo bandia mwaka 2005. Goti likiandikwa, aliyebaki na maumivu naye huhesabiwa, na daktari wa mwakani hujua kilichomsaidia wa mwaka jana.

Wiki ya sita, mama yuko kliniki. Fremu imeachwa nyumbani, ana mkongojo tu, mkono wa upande wa pili kama alivyofundishwa. Kwenye kizingiti binti anamnyooshea mkono amshike, mama anautazama mkono huo na kupita. Kijana wa mazoezi analaza rula yake pajani, anasoma, anasoma tena. "Mia moja na mbili, mama."

"Na mbuzi je? Nazi nitakuna lini?"

"Mbuzi mpe mjukuu. Wewe kaa kitini umsimamie."

Mama anacheka, anasema mjukuu huyo hukuna mpaka anakuna kifuu. Binti amekwisha fungua daftari. Chini ya safu ya saa za vidonge, ambayo imekoma wiki iliyopita, kuna safu nyingine ya namba: 55, 68, 80, 91. Anaongeza 102, kisha anauliza ya wiki ijayo iwe ngapi.